Presha Iliyokataa Kushuka

Mtaani walimwita Simameni, na si watoto tu. Hata mwenye duka la kona, akimwona anapita asubuhi na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa kama makali ya kisu, alijinyoosha nyuma ya kaunta, akasema, "Simameni," kisha akacheka peke yake. Jina lilitoka kazini. Alikuwa karani wa mahakama. Kila asubuhi alisimama chini ya meza ya hakimu, akasubiri mlango wa nyuma ufunguke, na kutoa sauti moja iliyowainua mawakili, washtakiwa, mashahidi na ndugu zao kwa pamoja. Alikuwa mtu mfupi. Sauti ile haikulingana na umbo lake, na tofauti hiyo aliipenda.

Baada ya hapo alikaa. Watu wa nje hawalijui hili: karani hukaa kuliko mtu yeyote mle ndani. Wakili hutoka kupokea simu, askari hupokezana zamu, hata mshtakiwa huomba ruhusa akasindikizwa. Karani ndiye anayeandika, ndiye anayeshika vielelezo, ndiye anayemwapisha shahidi. Akinyanyuka, kesi inasimama, na hakimu wa miaka ile hakupenda kesi isimame. Alikuwa mama wa makamo mwenye akili kali, aliyeweza kusikiliza ushahidi tangu asubuhi hadi mchana bila kutikisika kitini, na aliamini kila binadamu ameumbwa hivyo.

Presha ilimwingia Simameni bila kubisha hodi. Alikwenda hospitali kutafuta miwani, mtu akamfunga mkono kwa kile kitambaa kinachojaa upepo, akatazama mshale, akafunga tena. Miwani ikasahauliwa. Akapelekwa kliniki ya magonjwa ya ndani, kwenye korido yenye mabenchi ya mbao na ukuta ulioandikwa kwa rangi ya bluu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Simameni aliusoma mara nyingi ukuta huo katika miaka iliyofuata. Maoni yake yalikuwa kwamba aliyechora hakupima nafasi, maana neno la mwisho lilibanana na fremu ya mlango.

Daktari alikuwa binti wa rika la kitindamimba wake, mwenye viatu vya raba na mwandiko wa mkono wa kushoto. Alimweleza vizuri, bila haraka. Presha haiumi, alisema, ndiyo maana watu huidharau. Inachimba polepole kwenye figo, kwenye moyo, kwenye mishipa ya kichwa, na siku inapojitangaza kazi imeshafanyika. Akampa vidonge vya aina mbili, vyote vya asubuhi, na kumwambia apunguze chumvi. Alipofika nyumbani mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akachukua kopo la chumvi jikoni, akampa jirani. Tangu siku ile nyumba nzima ilikula mboga zisizo na chumvi, na wajukuu walipokuja likizo walinung'unika mpaka wakachoka.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ya kesi ya mpaka wa kiwanja. Shahidi alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa kujibu kila swali kuanzia kuumbwa kwa dunia. Simameni alikuwa amemeza vidonge vyake na chai. Kabla mpima ardhi hajafika kwenye kigingi cha pili, mkojo ulimbana kwa namna ambayo hakuwahi kuijua. Akakunja miguu. Akakaza meno. Aliinua mkono kidogo, kiasi cha bega, na hakimu, bila kuinua macho, akasema, "Karani, andika." Akaandika. Kwenye jalada la kesi ile mwandiko wake mzuri unaanza kupinda hapo, kisha unanyooka ghafla, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kutokea.

Lilitokea kimya, likawa na joto, kisha baridi. Angeweza kukaa hivyo mpaka ukumbi uwe mtupu. Lakini hakimu aliahirisha kesi papo hapo, akafunga kalamu yake, na watu wote wakageuza nyuso kumtazama karani, wakisubiri neno. Ilimbidi aliseme. Na akishalisema, ilimbidi yeye mwenyewe asimame.

Alisimama na jalada amelishika chini, mbele ya suruali. Askari wa mahakama, mwanamke mnene asiye na maneno mengi, alitazama sakafu chini ya kiti mara moja tu. Akachukua jagi la maji mezani, akalimwaga pale pale, na kusema kwa sauti ya kufika mlangoni, "Hebu ona nilivyo mzembe." Akaenda kutafuta tambara.

Hawakulizungumza kamwe. Mtu mwingine angempelekea shukrani, walau ya macho. Simameni aliacha kumsalimia. Akimwona anakuja kwenye korido, alipita upande wa pili akijifanya anasoma jalada. Ni vigumu kumtazama usoni mtu aliyekuona ukiwa hivyo, na vigumu zaidi ikiwa alikuonea huruma.

Kwamba ni dawa, hilo alilijua jioni ile ile. Kabla ya vidonge hakuwahi kubanwa namna ile. Lakini kilikuwa kidonge gani? Vyote vilikuwa vidogo, vyote vyeupe. Kumuuliza daktari ni kipi kinacholeta mkojo kungemfanya naye aulize kwa nini baba anataka kujua, na jibu la swali hilo Simameni hakuwa tayari kumpa mtu yeyote, sembuse binti wa rika la mwanawe. Akaacha vyote.

Kuacha kulihitaji ufundi, maana mkewe alimwekea vidonge kwenye kisahani kando ya kikombe kila asubuhi na kusimama hapo. Aliviweka chini ya ulimi, akanywa chai juu yake, akavaa viatu, akaaga kwa kichwa. Alivitema kwenye mtaro baada ya kona. Kati ya mlango wake na mtaro kulikuwa na duka, na mwenye duka, aliyezoea kujibiwa utani wake, sasa alijibiwa kwa kuinuliwa mkono tu. Alimwambia mke wa Simameni kwamba mzee siku hizi ana maringo. Kumbe mzee alikuwa na kinywa kilichojaa uchungu.

Siku za kliniki alimeza. Alimeza siku moja kabla na asubuhi yenyewe, kama mtu anayenawa miguu kabla ya kuingia nyumba ya watu. Haikusaidia. Presha ilikuwa juu pale pale ilipokuwa, na daktari alikunja uso.

"Unameza dawa vizuri, baba?"

"Nameza, daktari."

Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Mbele yake alikaa mtu wa shati safi, asiyechelewa hata siku moja, anayejibu kwa sauti iliyonyooka. Basi kama dawa inamezwa na presha haishuki, kosa liko mwilini, na daktari akaanza kulitafuta. Akaongeza dozi. Akaongeza kidonge cha tatu. Akampima mkojo, akampima damu, akamtuma kupigwa picha ya figo na ya moyo, akamuuliza kama anakoroma usingizini. Akaongeza cha nne. Alipeleka habari zake kwenye kikao cha madaktari wenzake, na Simameni aliporudi kliniki daktari alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi inayomstahili. Alimwambia, "Baba, wewe ndiye mgonjwa wangu mgumu kuliko wote. Lakini hatukuachii."

Simameni alitoka hapo amejiinamia. Alipofika getini alijisikia pia, kidogo sana, kama mtu mashuhuri, na hilo lilimtia haya kuliko uongo wenyewe.

Msimu wa baridi ulipoingia alishikwa na kikohozi, kikashuka kifuani, kikawa homa ya mapafu. Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Presha yake ilipopimwa mlangoni ilikuwa ya kutisha, kama kawaida yake, na kadi ya kliniki ilionyesha aina nne za dawa kwa dozi kubwa. Wauguzi wakafanya yaliyo wajibu wao: wakampa zote, zikiwa pamoja na sindano za kifua. Alijaribu ule ufundi wa ulimi. Lakini sista wa zamu alikuwa mcheshi, alisimama na kikombe cha maji mkononi akamuuliza ana wajukuu wangapi, na swali hilo halijibiki kinywa kikiwa kimejaa. Akameza. Kesho yake akameza tena. Kando ya kitanda walimwekea chupa, na kila alipoijaza walifurahi na kuandika kipimo. Mahali hapo mkojo ulikuwa habari njema.

Kwenye kitanda cha jirani alilala fundi bomba mwenye sukari na kidonda cha mguu, mtu asiyeweza kunyamaza. Ndiye aliyepiga kelele Simameni alipoinuka asubuhi kunawa uso, akashika ukingo wa kitanda, kisha akashuka sakafuni taratibu kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Walimkuta wa baridi, jasho limemtoka, mshale wa presha umeshuka chini kuliko walivyoupenda. Wakainua miguu yake, wakafungua dripu, wakasimamisha vidonge vyote. Majibu ya damu ya siku ile yalionyesha figo zimeumia.

"Mzee huyu," fundi bomba aliwaambia wodi nzima hali ilipotulia, "miaka yote presha yake imewashinda madaktari. Kaja hapa, kala uji wa hospitali, ikaporomoka. Wapimeni huo uji."

Wodi ilicheka. Simameni aligeukia dirishani.

Daktari bingwa alipita na wanafunzi wake mchana. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, na maneno hayo machache aliyachagua yaume. Alisoma kadi, akaisoma tena, akauliza ni nani aliyeandika dawa hizi. Binti wa viatu vya raba alijibu kwamba ni yeye, presha ya baba ilikataa kushuka kliniki. Bingwa alimuuliza kama ilikataa kushuka au yeye hakujua kuipima. Akasema hizo si dawa, ni rungu, na aliyempiga mzee kwa rungu ana bahati kuwa mzee bado anapumua. Mwishoni akamwambia akabidhi wagonjwa wake wa kliniki kwa mwenzake mpaka kazi yake ipitiwe yote. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, miguuni pa kitanda, wanafunzi wakitazama viatu vyao.

Simameni alisikia kila neno. Alikuwa macho, akili zimemrudia. Kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwa watu wanaohukumiwa, na alijua vizuri uso wa mtu anayehukumiwa kwa kosa lisilo lake: hauna hasira, umeshangaa tu. Alifungua kinywa. Akakohoa. Msafara ukahamia kwa fundi bomba.

Baadaye binti alirudi peke yake. Mke wa Simameni alikuwa amefika, ameketi kando ya kitanda na chupa ya chai magotini. Daktari hakuketi.

"Baba, nisamehe. Nilikuwa nakuongezea dawa nikidhani nakusaidia. Nimekuumiza figo."

Simameni alisikia sauti yake mwenyewe, ile nzuri, ya mahakamani. "Hapana neno, mwanangu. Yamekwisha."

Alimsamehe. Hilo ndilo lililomkaa kifuani kuliko homa ya mapafu. Siyo kwamba alinyamaza tu. Alipokea radhi isiyo yake, akaitolea msamaha, kwa upole, na yule binti akamshukuru. Mkewe hakusamehe. Alimfuata daktari kwa maneno hadi mlangoni, kwamba walitaka kumuulia mume, kwamba watoto wanafanya majaribio juu ya miili ya wazee wa watu. Daktari alisimama akayapokea yote. Kisha mama akarudi, akafunga kanga yake vizuri, akatafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Nakwenda ofisini kwa mganga mkuu," alisema. "Huyu daktari hatanusurika. Afukuzwe kabisa, asije akaua mwingine."

"Keti kwanza."

"Sikai. Wewe huruma zako ndizo zitakuua."

"Mama watoto, keti. Nilikuwa simezi."

"Humezi nini?"

"Dawa. Sikuwa nameza."

Alidhani homa imempanda kichwani. Alimgusa paji la uso. "Mimi nilikuwa nasimama pale pale. Nakuona kwa macho yangu."

Akamweleza kuhusu ulimi, kona na mtaro. Hakumweleza sababu. Mkewe aliketi polepole, kiatu kimoja mguuni. Fundi bomba, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alifumba macho na kujifanya amelala.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Karibu na mwanzo."

 Mkewe hakuuliza kuhusu figo, wala kuhusu kifo.

"Chumvi," alisema. "Mimi sikuweka chumvi kwenye ulimi wangu miaka yote hii kwa ajili ya nani?"

 Mkewe akaenda, lakini si kwa mganga mkuu. Alirudi na yule binti nyuma yake, akamwonyesha kitanda kwa kidole. "Mwambie mwenyewe."

Akamwambia. Daktari alisikiliza, uso haukubadilika. Alivuta pazia la kitanda, akamwomba mama asubiri nje kidogo, kisha akauliza kwa nini. Simameni alitazama mikono yake juu ya shuka. Alianza na mpima ardhi. Alizunguka sana, akapita kwenye kigingi cha kwanza na cha pili, na alipofika pale pa kufika alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu mahakamani aliyewahi kuisikia. "Nilijikojolea, daktari. Nimekaa mbele za watu."

Alisubiri ahurumiwe. Hakuhurumiwa.

"Ni kidonge kimoja tu kinachofanya hivyo," daktari alisema. "Kile chenye mstari katikati. Ungeniambia, ningekwambia ukimeze ukirudi kazini. Au ningekiondoa nikakupa kingine. Ni jambo la dakika moja, baba."

"Niliona aibu."

"Nami nilikuuliza kila mara kama unameza, sikukuuliza kama kuna kinachokusumbua. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini haya mengine sitayabeba." Alivuta pazia vizuri zaidi. "Nikienda mimi kumwambia bingwa kwamba mgonjwa hakuwa anameza, nitakuwa daktari anayejitetea kwa kumsingizia mzee mgonjwa. Hataniamini, na mimi katika nafasi yake nisingeniamini. Kesho wakipita, utasema wewe."

"Mbele ya wale vijana?"

"Mbele yao ndipo alipozungumza nami."

Kesho yake walipita. Mkewe alikuwepo, amesimama upande wa dirisha, na hakumsaidia hata kwa macho. Bingwa aliuliza hali. Simameni alisema kifua kinaendelea vizuri, akashukuru, akasema mkojo ni mwingi, na msafara ulikwisha kuanza kugeuka alipoita, "Daktari mkuu." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wodi yote iligeuka, wenye uwezo wa kukaa wakakaa.

Akasema. Aliyasema yote isipokuwa ya kiti. Kuhusu kiti alisema tu kwamba dawa ilimsumbua kazini. Daktari binti, aliyekuwa nyuma ya wanafunzi, aliinamisha kichwa, na hakuongeza lililoachwa.

Bingwa hakumwomba msamaha mtu yeyote. Aliwageukia wanafunzi, akauliza: presha isiyoshuka kwa dawa, sababu ya kwanza kutafuta ni ipi? Mmoja akasema mishipa ya figo. Mwingine akataja tezi. Wa tatu akasema chumvi, na mke wa Simameni akaguna. "Sababu ya kwanza," bingwa alisema, akainua mkono wake mrefu kuelekea kitandani, "ni hii hapa. Mtazameni. Shati safi, mtu wa heshima zake, atakwambia nameza. Hata uwe nani, usiongeze kidonge kabla hujajua vya jana vilikwenda wapi." Wanafunzi walimtazama. Mmoja aliandika. Kisha bingwa akakohoa na kumwambia binti, bila kumtazama, kwamba kesho kliniki yake imejaa, asichelewe.

Figo zilirudi, si kikamilifu. Simameni alirejea mahakamani akiwa na vidonge vya aina mbili tu, kimoja asubuhi, na kile chenye mstari akitoka kazini, nacho hakimsumbui mtu yeyote isipokuwa mlango wa choo cha nyumbani. Siku ya kwanza alimngojea askari kwenye korido, akamwamkia yeye kwanza. Askari aliitikia kama aliyesalimiwa jana na juzi, akaendelea na safari yake.

Nyumbani chumvi haikurudi, kwa kuwa sasa kukosekana kwake kulikuwa na kazi. Kila anapomeza mkewe humwambia fungua. Hufungua. Humwambia inua ulimi. Huinua. Mkewe hutazama bila hasira, kama anayechungua sufuria kama imeoshwa vizuri, kisha huondoa kisahani.

Kliniki huenda wote wawili. Mara ya mwisho mshale ulisimama pale unapotakiwa kusimama, na daktari aliupima tena mkono wa pili, pakawa vile vile. Akachukua kalamu kwa mkono wake wa kushoto.

"Unameza dawa vizuri, baba?"

"Nameza, daktari."

Ilikuwa kweli. Aliitamka kama alivyoitamka siku zote, kwa sauti ile ile iliyonyooka, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Kalamu haikushuka. Daktari aliinua macho, akayapitisha juu ya bega la Simameni, akamtazama mama aliyeketi nyuma yake.

"Mama, anameza?"

Simameni aliinama, akatazama viatu vyake, na kusubiri. Mkewe hakuwa na haraka ya kujibu.